Nilivyomponya punda wangu mgongo, na wala si kwa oili chafu

Mwaka 2018 Chausiku, punda jike wangu mweusi, alitoka kidonda mgongoni upana wa kiganja, na kila niliyekutana naye njiani akageuka daktari. Mmoja aliniambia nipake oili chafu ya mashine ya boti ili inzi wasitue. Mwingine alitaja maji ya betri. Mzee mmoja wa mtaa wa Langoni hapa Lamu, ninayemheshimu kwa mambo mengine yote, alisema, "Mwanangu, punda hatibiwi, punda hutumwa." Dalali mmoja naye alivuka kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, akanitajia elfu kumi na kitu. Wakati ule machinjio ya punda huko bara yalikuwa bado wazi na ngozi zinakwenda China kutengenezewa dawa. Serikali ilikuja kuyafunga 2020, mahakama ikatengua mwaka uliofuata, na 2024 Umoja wa Afrika ukakataza biashara hiyo Afrika nzima kwa miaka 15. Lakini siku ile dalali alikuwa amesimama mlangoni kwangu na pesa mkononi, na majirani wote wakimsaidia kunishawishi.

Sikuuza. Elfu kumi utaila mwezi mmoja. Punda mzuri hukulisha miaka ishirini ukimtunza.

Nilimpeleka hospitali ya punda pale ufuoni. Ipo tangu 1987 na hawatozi kitu, ila wapo watu wa mji huu wanaoipita kila siku wakienda kutafuta oili. Kijana wa pale alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akamdunga sindano ya pepopunda, akanipa dawa ya kupaka. Nilipokuwa naondoka akanambia, "Ami, hiki kitapona. Lakini ukimrudishia horji ileile, mwezi ujao tutaonana tena." Horji ni ule mto wa mgongoni unaokaa chini ya mzigo.

Chausiku alipumzika mpaka ngozi ikafunga na manyoya yakaanza kuota. Muda wote huo hakula bure tu, alitaka na mwenzake kando. Ukimtenga punda peke yake ananuna, na akikataa kula siku mbili tatu hiyo si nuna tena, ni ugonjwa, mkimbize hospitali.

Basi horji. Fundi mmoja alinishauri nijaze sponji la godoro, laini, eti punda atajihisi kalala kitandani. Nilijaza. Ukiliminya kwa mkono unaona raha kabisa. Ukiweka shogi, ule mfuko wa pande mbili wa mzigo, juu yake na mchanga huku na huku, sponji linalala bapa, na uzito wote unatua kwenye mfupa wa mgongo kana kwamba hukuweka kitu. Tena linanyonya jasho halikauki. Jioni lilikuwa linanuka hata mbuzi wa jirani walihama. Sponji lile sasa analalia kuku.

Nikashona mwenyewe. Nilipata kitambaa cha tanga kuukuu kwa mafundi wa mashua, nikakata mito miwili mirefu, nikaijaza usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, uliochambuliwa na kuanikwa, nikaiunganisha kwa mikanda miwili tu, mbele na nyuma. Katikati nikaacha mfereji wa vidole vinne. Uti wa mgongo hauguswi na kitu. Mzigo unakaa kwenye nyama za mbavu huku na huku. Fundi wa sponji alipoiona alicheka, akauliza kama ni ya punda au ya ngamia.

Sasa sikiliza hili, maana hapa ndipo watu hunilipia chai nisimulie. Utajuaje kama horji imekaa sawa? Macho hayatoshi, na punda hasemi. Akiumia ananyamaza tu, utafikiri mzima. Nilimpakia mzigo mwepesi saa saba ya jua, nikampandisha kutoka gatini hadi mtaa wa Gadeni mpaka akalowa jasho. Nikamsimamisha kivulini, nikainua horji polepole bila kuiburuta. Mgongo wote umelowa, isipokuwa madoa mawili makavu karibu na mabega, kila moja kama kisahani cha kahawa. Hapo pakavu ndipo panapobanwa! Uzito ukikandamiza sana, jasho halitoki. Asiyejua angesema pakavu ndipo pazuri. Nikafumua mshono penye madoa yale, nikachomoa usumba kwa vidole, nikashona, kesho yake nikampandisha tena. Doa la kushoto likapotea, la kulia likabaki dogo. Nikachomoa tena kidogo. Siku mgongo ulipotoka umelowa sare kuanzia mabega hadi kiunoni, nilimwita mke wangu aje kutazama jasho la punda. Alitazama akarudi jikoni.

Mawe ya kisiwa cha Manda na mchanga vinataka wapakizi wawili: karai moja huku, karai moja kule, kwa pamoja. Ukijaza upande mmoja kwanza, shogi inavuta na horji inasogea kabla hata hujaondoka ufuoni. Saruji, mfuko mmoja wa kilo 50, basi. Wenye majengo hulalamika kwamba punda wa fulani hubeba miwili. Nawaambia wamwite fulani.

Usiku simwachii atembee ovyo kama wengi wafanyavyo hapa, kwa sababu ya plastiki jalalani. Wakishaila inawafunga tumbo, na punda wanaokufa kwa hiyo ni wengi kuliko watu wanavyokiri. Namwekea majani na maji safi uani. Maji machafu hagusi hata awe na kiu vipi.

Mzee wa Langoni alimtuma mjukuu wake kuazima horji. Nilimkatalia, kwa sababu imeshapimwa kwa mgongo wa Chausiku na ya punda mwingine lazima ipimwe upya. Lete tanga lako na usumba wako, ya ushoni tutaelewana, na mje na punda saa saba ya jua.