Kumbe obviously ni neno la barabarani

Leo jam ya Pangani imetukaba karibu saa nzima, makanga naye anabishana na mama mmoja eti "obviously nauli imepanda, kwani huoni mvua?", mi nikabaki nikijiuliza hii obviously ilitoka wapi nikachimba kwa simu. Kumbe ni Kilatini! Ob ni kukabili, via ni njia, so obvius ni kitu mnachopatana nacho njiani uso kwa uso, huwezi jifanya hujakiona. Previously pia iko na hiyo via, praevius ni yule anatangulia njiani. Hiyo -ly tu ndio si Kilatini, ni ya Kiingereza cha kale. Mama alilipa mia, akinung'unika 😂