Nimerudi Marangu, nimekuta bibi kainuliwa kwenye benchi

Jamani nimerudi, miaka 11 Philadelphia, Marekani, sio mchezo. Jumapili ya kwanza tu nikaenda usharikani kwetu, nimechelewa kidogo, kanisa limejaa, nikasimama mlangoni natafuta benchi lenye nafasi maana ndo nilivyozoea, kumbe mama mmoja kashanivuta shati "njoo hapa baba, tubanane", tukakaa saba kwenye benchi la watano, mtoto wa watu kanilalia begani. Kule nilisali na wazungu karibu miaka minne, ubaya hawakunifanyia, kahawa na keki baada ya ibada napewa vizuri tu, ila benchi langu ndo lilikuwa la mwisho kujaa. Kila Jumapili.

Baadaye nikahamia kwa weusi wenzangu. Na ni mji huohuo ambako mwishoni mwa miaka ya 1700 Absalom Jones alikuwa kapiga magoti anasali, kanisa la Wamethodisti la St. George's, msimamizi akaja kumvuta ainuke eti haruhusiwi kupiga magoti hapo, Jones akamwambia subiri basi sala iishe, wapi. Ilipoisha weusi wakatoka wote, na Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa akajinunua mwenyewe, ndo akaanzisha kanisa la Bethel halafu 1816 dhehebu zima la weusi, AME (African Methodist Episcopal). Kwa hiyo mnaosema weusi wa Marekani walijitenga kwa kupenda, mh.

Sasa nikiwa hapo nimebanwa kwa raha zangu, katikati ya wimbo wakaingia wazungu wawili, wapanda Mlima Kilimanjaro nadhani, buti zina vumbi. Mzee wa kanisa mbio hadi benchi la mbele, akamwinua bibi mmoja wa miaka 80 na kitu pamoja na mwenzake, wageni wakae. Bibi kaokota fimbo yake kaenda kuegemea ukuta. Wale wazungu hata hawakujua, wanatabasamu tu. Nikainuka nikamwachia bibi nafasi yangu.

Baada ya ibada, nje kwenye mnada wa sadaka, mikungu ya ndizi na kuku vinanadiwa, nikamfuata. Shikamoo bibi, mbona umekubali kuinuliwa? Akacheka.

"Mgeni si anakaa mbele baba? Kwani wewe ulivyoenda kwao hawakukupa kiti?"

Nikanunua trei la mayai nikamkabidhi, nikamwambia walinipa bibi, walinipa.