Usiku Mwambani, tukimtafuta silikanti

Mshkaji wangu, samaki anayeitwa silikanti amemkaa kichwani tangu tuko sekondari Tanga, siku alipoona picha ya wale waliokuwa wananasa kwenye majarife, zile nyavu kubwa za papa, huku kwetu kuanzia 2003, samaki ambao wataalam walijua wameisha enzi za dinosaria mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini 1938. Sisi wengine tukasahau tukaendelea na maisha, yeye hapana, kila nikimpigia simu tunaanza na habari za watoto tunaishia kwa samaki. Kwa hiyo aliponiambia kibali cha hifadhi ya bahari kimetoka na boti ipo, nikapanda basi kutoka Dar bila maswali mengi.

Tulisubiri matlai, msimu wa upepo mpole, bahari itulie. Pale ufukweni Mwambani kuna mtu akamvuta mshkaji pembeni, akamwambia kama shida yako ni kumwona tu, tutege jarife usiku mmoja, asubuhi unaye. Nikamwangalia rafiki yangu, maana najua anavyomtaka huyu samaki na pesa alikuwa nayo. Akajibu taratibu, "Kaka, huyu anaweza kufika miaka 100, mimba yake tu wanakadiria miaka 5, ukimtoa juu anakufa. Mimi namtaka mzima, hukohuko kwake." Yaani hapo nikajua nimekuja safari ya maana.

Tukatoka jioni, sisi wawili na nahodha, mzee wa umri wa baba zetu, kiboti cha faiba, tukakipita kisiwa cha Yambe giza ndo linaingia, kwa sababu mchana silikanti anajificha mapangoni usiku ndo anatoka kuwinda. Kifaa chenyewe ni kamera na tochi ndani ya boksi la chuma alilochongesha kwa fundi, kioo kinene mbele, unaishusha kwa kamba mita mia na kitu.

Shida ikawa mkondo. Kamba haiendi chini, inalala ubavu inakimbilia nyuma ya boti, na viganja vinaungua. "Wanangu, bila chubwi la maana hapa hamfiki," mzee akasema, akaongeza vipande vya risasi vya kuzamishia kamba, akaishika kamba kwa vidole viwili akanyamaza kidogo. "Imegusa." Nikaishika palepale, sikusikia kitu. Mzee anasema zamani walikuwa wanatafuta papa anawajia silikanti, nyama yake ni mafuta matupu, ukimla tumbo linakuendesha.

Tulishusha na kupandisha mpaka alfajiri. Kwenye video kuna miamba, vumbi jeupe linashuka, samaki wadogo wanakimbia mwanga, na sehemu moja kuna kitu kirefu cheusi kimekaa kwenye ukingo wa jabali. Mimi nasema jiwe. Yeye anasema mkia, akarudisha nyuma, akasimamisha, akanisogezea simu usoni, mzee naye akaitwa kuamua akasema kunywa chai kwanza. Mpaka leo tunabishana. Kamba ya mita 200 keshanunua, matlai ijayo tunarudi.