Kocha akikuonyesha pete ya JUCO, muulize ni ubingwa upi

Neno JUCO, kifupi cha "junior college", yaani chuo cha miaka miwili, familia zetu nyingi huku Marekani hulisikia kwa mara ya kwanza kijana akiwa anamaliza sekondari, kocha wa chuo cha aina hiyo anapokuja kumtaka aende kucheza futiboli ya Kimarekani. Kidoleni kocha ana pete kubwa, ile wanayopewa mabingwa, na hachelewi kusema kwamba chuo chake ni bingwa wa taifa. Huenda ni kweli. Ila ubingwa huo umetolewa kwa taratibu nyingi zisizofanana, kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza: wa mwaka gani, na ulipatikanaje?

Chombo kikuu ni NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka miwili. Wazo lake lilizaliwa Fresno, California, mwaka 1937, baada ya vyuo vya miaka miwili kuomba kushiriki riadha ya NCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka minne, na kukataliwa. Mwaka uliofuata chama kikasimama. Kwa kuwa kilianzia kwenye riadha, si ajabu kwamba Wakenya waliokifahamu mapema ni wakimbiaji, wakiwemo wale waliopitia chuo cha South Plains, Levelland, Texas. Futiboli ilisubiri sana. Bingwa wa kwanza wa NJCAA alitambuliwa 1956, nao walikuwa Coffeyville wa Kansas.

Kabla ya hapo mechi iliyobeba heshima yote ilikuwa Junior Rose Bowl ya Pasadena, iliyoanza 1946. Ilikuwa mechi ya mwaliko: upande mmoja timu ya California, upande wa pili timu iliyoonekana bora kutoka kwingine kote nchini. Katika ile ya kwanza Compton waliwafunga Kilgore wa Texas 19-0.

Ya Desemba 1955 ndiyo inayostahili kukumbukwa kuliko zote. Jones County, chuo cha wazungu watupu kutoka Mississippi, kilialikwa kucheza na Compton, timu iliyokuwa na wachezaji weusi. Wanasiasa wa Mississippi walikuja juu, wakataka chuo kikatae mwaliko, wengine wakatishia fedha zake. Jones walikwenda vilevile. Walifungwa 22-13, lakini walicheza, tena mwezi uleule Rosa Parks, mwanamke mweusi, alipokamatwa Montgomery, Alabama, kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Katika historia yote ya futiboli ya vyuo vidogo sijui mechi iliyobeba uzito mkubwa zaidi ya ule, na inasikitisha kwamba vijana wetu weusi wanaocheza Mississippi leo hawasimuliwi.

Baadaye vyuo vya California vikaenda njia yao. Leo vina chama chao, CCCAA, na msimu wao unaishia kwenye ubingwa wa jimbo. Hawakutani na bingwa wa NJCAA hata siku moja. Kwa hiyo ukisikia City College of San Francisco wametwaa ubingwa wa taifa mara kadhaa, elewa kuwa ni ubingwa wa orodha za wachambuzi. Hiyo haishushi kiwango chao: Aaron Rodgers, nyota wa ligi ya kulipwa ya NFL, alitokea Butte, chuo cha California.

Hata ndani ya NJCAA kwenyewe, kwa miongo mingi kura ilikuwa na nguvu kuliko uwanja. Timu zilipangwa kwa kura, kisha zikaalikwa kwenye mechi za mwisho wa msimu, na mwenyeji wa mechi mara nyingine alikuwa mmoja wa wanaogombea. Fainali ya 2011 ilichezwa Yuma, nyumbani kwa Arizona Western. East Mississippi wakashinda 55-47. Ya 2016 ikarudi Yuma, na Garden City wa Kansas wakawafunga wenyeji haohao 25-22. Mfumo wa timu 4, wenye nusu fainali na kisha fainali, ulianza msimu wa 2021. Pete ya kuanzia hapo imepatikana uwanjani. Iowa Western walizitwaa za 2022 na 2023, Hutchinson ya 2024.

Kigezo kingine ni sheria ya usajili ya jimbo. Hadi 2016 vyuo vya Kansas viliwekewa kikomo cha wachezaji kutoka nje ya jimbo. Kikomo kilipoondolewa, Garden City wakawa mabingwa mwaka huohuo. Mississippi nao wana kikomo chao, kwa hiyo kijana anayetoka Minnesota au Maine anagombea nafasi chache sana huko, hata kama timu ni kubwa.

Sasa fedha. Daraja la kwanza la NJCAA linaruhusu skolashipu kamili: ada, malazi, chakula, vitabu na nauli ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Daraja la tatu halitoi skolashipu ya michezo kabisa, na lina ubingwa wake tofauti. Muulize kocha daraja, halafu omba barua yenye kila kipengele kimeandikwa. Uliza pia kama programu itakuwepo mwakani: baada ya msimu wa 2018 vyuo vinne vya wilaya ya Maricopa, Arizona, vilifuta futiboli kwa mpigo, na wachezaji wakabaki wakitafuta pa kwenda.

Mahali wengi wanapokwama si uwanjani, ni kwenye krediti, yaani vipimo vya masomo anayofaulu. Kijana ambaye hakufikia vigezo vya NCAA alipotoka sekondari, ili ahamie daraja la kwanza la NCAA, kwa utaratibu uliozoeleka huhitaji kuhitimu chuo hicho, krediti 48 zinazohamishika, zikiwemo 6 za Kiingereza, 3 za hisabati na 3 za sayansi, na wastani wa alama (GPA) wa 2.5. Somo lisilohamishika linakula muhula mzima bila faida. Kabla ya kusajili masomo, akae na mshauri akiwa na orodha ya chuo anachotaka kuhamia, siyo ya chuo alichopo tu.

Na kuna suala la miaka. NCAA ilikuwa ikihesabu misimu ya JUCO ndani ya idadi ya misimu ambayo mchezaji anaruhusiwa kucheza. Diego Pavia, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) aliyetwaa ubingwa wa 2021 akiwa na New Mexico Military Institute kisha akafika Vanderbilt, chuo cha daraja la kwanza la NCAA, alikwenda mahakamani kuipinga kanuni hiyo. Desemba 2024 jaji akamruhusu acheze msimu wa 2025, na NCAA ikatoa nafasi ya mwaka mmoja kwa wenzake waliokuwa wanaishiwa muda. Nafasi hiyo ilihusu wale tu. Kijana anayeanza sasa asipange maisha yake juu yake; aulize ofisi ya kanuni ya chuo anachohamia, na jibu alipate kwa maandishi.