Jumanne moja na mtoto wa mchungaji katika shule ya msingi Wuppertal, Ujerumani

Saa zote hapa ni za Kiswahili. Saa 2:00 asubuhi ndiyo ile ambayo saa ya ukutani Ujerumani huonyesha 8. Nitalirudia jambo hili mbele, maana huwasumbua wageni kuliko sarufi.

Kazi yangu ni kufundisha Kijerumani watoto wanaoingia shule ya msingi bila kukijua. Miongoni mwao, mara mojamoja, huja mtoto wa mmisionari, na mmisionari huyo ametoka kwetu Tanzania. Zamani Misheni ya Bethel ya Ujerumani ilipeleka watu Usambara na Buhaya. Mrithi wake, VEM, mwenye makao hapa Wuppertal, tangu 1996 ni umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na mchungaji wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, anaweza kutumwa kuhudumu huku pamoja na familia yake. Tuchukue mtoto wa miaka saba aliyemaliza Darasa la Kwanza Bukoba mwezi Desemba na kufika Februari. Mwaka wa shule wa Ujerumani huanza mwishoni mwa kiangazi, kwa hiyo anaingia katikati ya safari ya wenzake. Cheti cha chanjo ya surua, dozi mbili, kiwe kimeshawasilishwa shuleni. Tangu Machi 2020 sheria inakidai.

Saa 12:30 asubuhi. Nje bado giza. Desemba na Januari jua huchomoza karibu saa 2:30, darasa likiwa limeshaanza, kwa hiyo begi liwe na vipande vinavyong'aa vikimulikwa na taa za magari. Ndani ya begi: chupa ya maji, kisanduku cha mkate na vipande vya karoti au tofaa (pipi na soda viachwe nyumbani), na jalada la barua ambalo Wajerumani huliita Postmappe. Jalada hilo hufunguliwa kila jioni bila kukosa. Barua ikilala humo siku tatu, mtoto ndiye atakayefika siku ya matembezi ya msituni bila viatu vya mvua. Jina liandikwe kwenye kila kitu, hadi glovu, kwa sababu koti moja la bluu hufanana na mengine kumi kwenye korido.

Mtoto akiugua, piga simu ofisi ya shule kabla ya kipindi cha kwanza. Hapa kwenda shule ni sheria, kumfundishia mtoto nyumbani badala ya shule hakuruhusiwi, na mtoto mdogo asipofika bila taarifa wanaanza kumtafuta. Hata kumwahisha likizo kwa siku mbili ili tiketi ya kwenda Bukoba iwe nafuu hakukubaliki. Nauli haihesabiwi kuwa sababu, na faini ipo.

Saa 1:30. Safari ya miguu. Mzazi amsindikize wiki za mwanzo kwa njia ileile, avuke naye palepale kila siku, kisha amwache na watoto wa jirani.

Saa hii Wajerumani huiita halb acht, yaani nusu ya kuelekea nane. Mtoto anasikia nane, saa ya simu inaonyesha 7:30, na mama yake anasema saa moja na nusu. Namba tatu kwa dakika ileile! Familia nyingi hukosa miadi ya kwanza ya daktari kwa sababu ya neno halb tu. Dawa yake ni kuchora saa ya mishale kwenye karatasi na kuyaandika majina yote mawili pembeni, ya kwetu na ya kwao, bila kulifuta la kwetu.

Saa 2:00. Viatu vya nje vinavuliwa, vya ndani vinavaliwa, watoto wanakaa duara. Mgeni wetu hainui macho mwalimu anapomsemesha. Kwao hiyo ni adabu, ila mwalimu wa hapa anaweza kudhani hasikilizi. Namwambia mwalimu wa darasa siku ya kwanza kabisa, na hapohapo namwambia pia kwamba mtoto anaweza kunyamaza wiki nyingi, hata miezi. Yumo katika kipindi cha kusikia. Anakusanya. Ukimlazimisha kusimama na kujitambulisha mbele ya wenzake, unakirefusha kipindi hicho. Mwache aonyeshe kwa kidole, achore, atikise kichwa.

Karatasi za kazi zina vitenzi vyake, na hivyo ndivyo vya kufundisha kwanza kabla ya rangi na wanyama: schneiden (kata), kleben (gundisha), malen (chora na upake rangi), verbinden (unganisha kwa mstari), einkreisen (zungushia), unterstreichen (pigia mstari). Kuna kimoja chenye mtego, ankreuzen, weka msalaba. Kwetu X ni kosa na vema ni jibu sahihi. Hapa mtoto anaambiwa aweke X kwenye jibu sahihi. Nimeona karatasi ambayo majibu yote yamegeuzwa kwa utaratibu kamili, X kwenye kila jibu baya, na mtoto akahesabiwa hajui kitu. Alijua yote.

Saa 2:45. Kundi langu. Katika jimbo hili la Nordrhein-Westfalen anayeanza hupata kwa kawaida vipindi 10 hadi 12 vya Kijerumani kwa wiki, kwa muda usiozidi miaka miwili, na maendeleo yake huelezwa kwa maneno badala ya alama za kawaida.

Chombo kikuu cha darasa la kwanza ni jedwali la herufi na picha, Anlauttabelle. Kila herufi ina picha ya kitu ambacho jina lake huanza na sauti hiyo. Ni chombo kizuri kwa anayejua majina ya vitu kwa Kijerumani. Kwenye I pana Igel. Mtoto wetu anamtazama mnyama yule, anasema moyoni "kalunguyeye", anaitafuta K. Kwenye E pana Esel, naye anaona punda, anakwenda kwenye P. Jedwali linamdanganya, na mwalimu anaona mtoto asiyeshika herufi. Kwa hiyo jedwali libandikwe nyumbani karibu na meza ya chakula, na majina ya picha yafundishwe kwanza, sita kwa wiki, kila jina na der, die au das yake, yaani kile kineno kinachotangulia nomino na kuonyesha kundi lake.

Lakini mtoto huyu ana mtaji. Ameshajua kusoma kwa Kiswahili, na kusoma hakufundishwi mara mbili. Anachohitaji ni orodha fupi ya herufi zilizobadili sauti: j husomwa y, w husomwa v, v mara nyingi ni f, z ni ts, ei ni ai, sch ni sh yetu. Ch ya Buch ni kh ya kheri. Kwa ü, sema i huku midomo imekunjwa kama ya kupiga mluzi, na kwa ö ufanye hivyohivyo ukisema e.

Ugumu upo kwenye konsonanti zinazorundikana. Neno Strumpf, soksi ndefu, mtoto hulitamka "shitirumpufu". Hilo si uzembe, ni utaratibu wa lugha yake, ambamo silabi hupenda kuisha kwa irabu. Basi wakati wa kupiga makofi ya silabi, Wajerumani hupiga kofi moja kwa Strumpf, yeye anapiga matano, na akiandika anaongeza irabu alizozisikia kichwani mwake. Tunaanza nyuma: umpf, kisha rumpf, kisha trumpf, mwisho Strumpf, kofi moja tu.

Kuhusu der, die, das, wengine huogopa bure. Mtoto wa Kiswahili anajua tangu utotoni kwamba nomino ina kundi lake na huburuta maneno mengine: kitabu kizuri, mti mzuri. Tofauti ni kwamba ki- inaonekana usoni pa neno, ilhali das haionekani popote, na hata Mädchen, msichana, ni das. Kwa hiyo neno halifundishwi uchi. Fundisha der Stuhl, die Stühle (kiti, viti) kwa pumzi moja, umoja na wingi. Rangi husaidia: der bluu, die nyekundu, das kijani. Maneno matano hadi saba kwa siku yanatosha. Ukimpa ishirini, kesho hana hata matatu.

Saa 3:30. Kula, kisha nje, hata kukiwa na manyunyu. Namfundisha maneno matatu tu ya uwanjani: Darf ich mitspielen? (naomba kucheza nanyi), Du bist dran (zamu yako), na Hör auf! (acha). La tatu ni muhimu kuliko yanavyodhani mashirika yanayoandaa familia kabla ya safari. Mtoto asiyeweza kusema acha atasukuma, na anayesukuma ndiye anayeandikiwa barua nyumbani.

Saa 4:00. Hisabati. Watu husema namba hazina lugha. Zinayo. Thelathini na tano kwa Kijerumani ni fünfunddreißig, tano na thelathini, na mtoto akiandika kama anavyosikia anaandika 53. Kabla ya kusahihisha hesabu, muulize alisikia namba gani. Nukta katikati ya namba ni kuzidisha, nukta mbili ni kugawanya, 7 ina kistari kiunoni, na 1 ina mkia unaopanda hadi mgeni anaisoma 7. Ukuta wa namba, ambao matofali mawili jirani hujumlishwa kupata la juu yake, ataufanya bila neno hata moja, na hapo ndipo darasa huona kwamba anaweza. Mafumbo ya maneno hungoja: insgesamt (jumla), übrig (iliyobaki), doppelt (mara mbili).

Saa 5:00. Kipindi cha dini, na hiki ndicho ninachokipenda kwa watoto hawa. Habari ya Nuhu au ya mwana mpotevu anaijua tayari tangu shule ya Jumapili, kwa hiyo akili haihangaiki kutafuta kilichotokea, inabaki na maneno tu. Mzazi aulize mapema wiki ijayo kutasomwa habari gani, amsomee kwa Kiswahili usiku uliotangulia. Katika masomo yote ya juma hakuna njia ya mkato kama hii.

Saa 7:00 mchana. Chakula cha shule, viazi au tambi, mara nyingi havijaguswa. Kisha kazi za nyumbani zikisimamiwa hapohapo shuleni, dakika 30 kwa darasa la kwanza na la pili, 45 kwa la tatu na la nne. Dakika zikiisha, daftari linafungwa hata kama kazi haijakwisha.

Saa 10:00. Nyumbani, mtoto amechoka kuliko anavyoonekana. Hapa wazazi hukosea kwa nia njema: wanaanza kumsemesha Kijerumani chao cha kuvunjika ili ashike haraka. Wamsemeshe Kiswahili, au Kihaya kama ndicho cha nyumbani, na kila siku wasome naye dakika 15 kitabu cha Kiswahili kilichotoka Tanzania. Siku moja watarudi, na mitihani ya shule ya msingi ya huko haijali kwamba alikuwa Wuppertal. Jim Cummins wa Kanada alitenganisha lugha ya mazungumzo, inayopatikana kwa miaka kama miwili, na lugha ya masomo, inayochukua mitano hadi saba. Mtoto akianza kucheka na wenzake kwa Kijerumani, wazazi huona kazi imekwisha, kumbe ni nusu ya kwanza.

Saa 1:30 usiku. Mkutano wa wazazi, wamekaa kwenye viti vya watoto. Mtoto asipelekwe kutafsiri, ombeni mkalimani mapema. Swali la kuuliza: je, darasa la kwanza na la pili anaweza kuyafanya kwa miaka mitatu? Jimbo hili linaruhusu, na mwaka wa ziada hauhesabiwi kuwa amerudia. Mkiambiwa apimwe kama ana ugumu wa kujifunza, ulizeni kipimo ni cha lugha gani. Kipimo cha akili kwa Kijerumani, mwezi wa nne tangu ashuke kwenye ndege, hupima Kijerumani.

Kesho Jumatano kuna michezo: viatu vya mpira vyenye soli isiyoacha alama sakafuni, ndani ya mfuko wake, vyenye jina.