Isle of Man: siku niliyosikia sheria zikisomwa kilimani

Kutoka Heysham, pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, meli huchukua chini kidogo ya saa nne kufika Douglas, mji mkuu wa Isle of Man, kisiwa kilichoko kati ya Uingereza na Ireland. Abiria wenzangu wengi walikuwa wanarudi kwao au wanakwenda kutembelea jamaa. Mimi nilikuwa nakwenda kuliangalia bunge. Mtu wa Unguja hawezi kukipita hivi hivi kisiwa chenye wakazi kama 84,000, chenye noti zake na sheria zake, ambacho si sehemu ya Uingereza wala hakina mbunge London. Mfalme Charles ndiye Bwana wa Mann, yaani mkuu wa kisiwa, ulinzi uko mikononi mwa Uingereza, na mambo mengi ya ndani wanajiamulia wenyewe.

Sisi Zanzibar, na watu wetu karibu milioni 1.9, tuna Baraza la Wawakilishi moja tu pale Chukwani. Wao wana nyumba mbili. Ya chini ni House of Keys, wajumbe 24 wanaochaguliwa na wananchi. Ya juu ni Legislative Council, Baraza la Kutunga Sheria. Zikikaa pamoja zinaitwa Tynwald. Ni ile nyumba ya juu niliyotaka kuielewa, maana jina lake nalijua tangu kwa wazee: Zanzibar nayo ilikuwa na Legislative Council tangu 1926, enzi za Waingereza.

Jengo lao Douglas ni jeupe, limepanda ngazi kwa ngazi, na wenyeji wanaliita keki ya harusi. Wageni huzungushwa ndani bila malipo. Ukumbi wa Tynwald ndio ulionishika zaidi, kwa sababu mpangilio wa viti peke yake unaeleza historia: wajumbe wa Baraza hukaa juu, Keys hukaa chini yao. Zamani walio juu walikuwa watu wa Bwana wa kisiwa kweli kweli, yaani majaji, askofu na maofisa wake. Mwaka 1919 ndipo Keys walipopata haki ya kuchagua baadhi ya wajumbe wa Baraza, na baada ya hapo maofisa wakapunguzwa kidogo kidogo.

Leo Baraza lina watu 11. Wanane huchaguliwa na Keys kwa miaka mitano, lakini si wote kwa mara moja, hivyo nyumba haibadiliki yote kwa siku moja. Wengine ni Rais wa Tynwald, anayeongoza vikao vyake, Askofu wa Sodor and Man, yaani askofu wa Kianglikana wa kisiwa, na Mwanasheria Mkuu ambaye hana kura. Mwaka 2016 Lord Lisvane, aliyewahi kuwa karani mkuu wa bunge la London, aliletwa kuutathmini mfumo huu, na alishauri kazi ya Baraza iwe zaidi kuipekua miswada. Kazi hiyo si ndogo. Mswada wa kumruhusu mgonjwa aliye karibu na kufa asaidiwe kukatisha maisha yake ulitoka kwa Keys, ukapekuliwa na Baraza, ukarudi ukibishaniwa, hadi Machi 2025 Baraza lilipoukubali kwa mara ya mwisho. Jambo zito kama hilo nafurahi lilisomwa na macho ya pili.

Tarehe 5 Julai, siku ambayo kwa kawaida kila mwaka Tynwald hukutana hadharani kilimani, nilipanda basi kwenda kijiji cha St John's. Njia kutoka kanisani hadi kilimani ilikuwa imetandazwa matete, na wakubwa wamechomeka tawi la mmea uitwao bollan bane kifuani. Kilima chenyewe ni cha udongo, kifupi, kina ngazi nne. Juu kabisa alikaa Luteni Gavana, mwakilishi wa mfalme, pamoja na Rais, Askofu na wajumbe wa Baraza. Keys ngazi ya pili. Kisha majaji, wanaoitwa Deemster, wakasoma majina na maelezo mafupi ya sheria mpya kwa Kiingereza, na baada yao zikasomwa kwa Kimanksi, lugha ya asili ya kisiwa. Sheria isiyotangazwa hapo ndani ya miezi 18 tangu ipitishwe inakufa. Nilisimama na kundi kubwa la watu kwenye nyasi, upepo unapiga, na nilisisimka: serikali imetoka ofisini kuja kuwaambia watu uso kwa uso kile itakachowadai.

Halafu wenye malalamiko walisogea chini ya kilima, mmoja mmoja, wakakabidhi maombi yao ya maandishi. Mwananchi yeyote anaweza, na mjumbe yeyote anaweza kulibeba ombi hilo bungeni baadaye.

Mama mmoja mzee aliyekuwa kando yangu aliniambia wale wa ngazi ya juu wangepaswa kupigiwa kura na watu wote. Namheshimu, ni kwao, lakini sikukubaliana naye. Baraza likikataa mswada, Keys wana njia ya kuupitisha bila idhini yake, ila lazima wasubiri. Neno la mwisho liko kwa waliochaguliwa. Mkiwapa wale wanane kura za wananchi, watakuwa na nguvu ya kugombana na Keys, na nani atapekua miswada? Mimi ningeliacha Baraza lilivyo, ila kiti cha askofu ningekiondoa.