Mama mkwe, mtindi na ngozi ya mwanangu

Mashavu ya mwanangu yakiwiva kwa upele, kila anayemwona ana dawa. Mama mkwe anasema mtindi. Jirani anasema maziwa ya mbuzi. Kijana wa duka la dawa hapa Tabata huniwekea mezani kichupa cha matone ya probiotiki, yaani bakteria wazuri wa tumbo, akinieleza kuwa pumu ya ngozi, huu ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha alio nao mwanangu, inaanzia tumboni.

Habari ya tumbo haikutoka hewani. Mwaka 2001 watafiti wa Turku, Finland, walitoa matokeo yaliyosisimua wengi. Waliwapa wajawazito wenye mzio (aleji) katika familia bakteria waitwao Lactobacillus GG kabla ya kujifungua, wakaendelea miezi sita baada ya hapo. Watoto walipofika miaka miwili, asilimia 23 walikuwa na pumu ya ngozi, dhidi ya 46 upande wa wasiopewa. Lakini Wajerumani wa Freiburg walipowajaribu bakteria hao hao, wakachapisha mwaka 2008, tofauti hawakuiona.

Tena huko ni kuzuia. Mimi mtoto wangu ameshaugua. Kuhusu kutibu, uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio 39 ulionyesha kwamba probiotiki hazileti nafuu ya maana kwenye muwasho wala usingizi wa mtoto. Kichupa kile sikukinunua. Pesa yake imeenda kwenye mafuta mazito yasiyo na manukato, na krimu ya haidrokotisoni, dawa ya kutuliza ngozi iliyowiva, ambayo daktari alinielekeza niipake wapi na kwa muda gani.

Mtindi ndio unaonitia hofu, kwa sababu unatolewa kwa mapenzi. Mwanangu ana mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Nilimwambia mama mkwe: "Mama, mtindi ni maziwa yale yale. Bakteria wanakula sukari yake, protini inabaki." Akanyamaza, halafu akauliza, "Na ya mbuzi je?" Hayo nayo protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, watoto wengi wenye mzio huu huyakataa vilevile. Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi wa mtoto kwenye shughuli za ukoo, na namshukuru sana. Hata baadhi ya probiotiki za dukani hubeba mabaki ya protini ya maziwa, kwa hiyo someni maandishi ya kwenye boksi jamani.

Kwa ajili ya tumbo lake namnyonyesha. Maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zinalisha bakteria aina ya Bifidobacterium walioko utumboni mwake. Nami nimeacha chai ya maziwa kwa ushauri wa daktari, maana protini ya maziwa ninayokunywa inaweza kumfikia anaponyonya.

Jambo ambalo natamani lingesemwa zaidi kliniki ni hili la ngozi. Ngozi iliyopasuka ni mlango ulioachwa wazi: chembe za vyakula hupenya hapo, na mwili hujifunza kuvichukia kabla mtoto hajavila. Ndiyo maana jaribio la London la mwaka 2015 liliwahusu watoto wachanga 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Walioanza kula karanga mapema, asilimia 3.2 tu walikuwa na mzio wa karanga walipofika miaka mitano; walioziepuka, asilimia 17.2. Waliovimba sana kwenye kipimo cha ngozi, kile cha kudonolewa ngozi kidogo kwa maji ya karanga, hawakuingizwa, kwa hiyo msikimbilie kumlambisha mtoto karanga bila kupimwa.

Hapo ndipo unga wa lishe unaponitatiza. Mfuko mmoja una mahindi, ulezi, soya, karanga, ngano, pengine na maziwa ya unga. Mtoto akivimba midomo, utamshika nani? Mimi nasagisha ulezi peke yake, na chakula kipya kinaingia kimoja kimoja, asubuhi, ili nimwangalie mchana kutwa. Karanga bado. Hizo tutazianzia hospitali, mbele ya daktari.